Ni muziki ulioharibika au ni mimi niliyezeeka?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Nina miaka 48. Juzi nilikuwa nampeleka mwanangu wa miaka 16 shuleni, akaunganisha simu yake na redio ya gari. Wimbo ukaanza na kiitikio papo hapo, hakuna hata gitaa la kufungulia, na mwimbaji ananong'ona kama ana mafua. Nikauliza, "Huyu anaimba au analia?" Hakunijibu. Alizima, akavaa vipokea sauti, safari nzima kimya.

Kilichoniuma ni kwamba swali hilohilo, neno kwa neno, baba yangu aliwahi kuniuliza mimi. Na mimi nilikuwa mtu wa nyimbo! Nilizirekodi redioni kwenye kaseti, na daftari nililoandikia mashairi ninalo hadi leo. Pale niliposhindwa kusikia neno, niliweka nukta nukta. Leo, katika orodha ya mwanangu, simjui msanii hata mmoja. Je, muziki umeharibika au nimezeeka? Nijifunze nyimbo zao? Na kaseti zangu, zilizokaa kabatini miaka mingi, nizitupe?
– Mama Nukta Nukta

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimecheka hapo kwenye mafua, kisha kicheko kikanikauka. Mimi niliyepiga santuri kwenye sherehe za watu miaka 20 na ushei, niliyejisifu kwamba hakuna wimbo unaonipita, mwaka jana nilitolewa kwenye mashine na mjukuu wangu. Alinitoa kwa adabu, lakini alinitoa. Nilikuwa nimepiga wimbo nilioudhani mpya, kumbe una miaka tisa.

Umri umo, tusidanganyane. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha utafiti ambao ndani yake watu wa rika mbalimbali walisikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma miaka tofauti, wakazipa alama. Zilizopendwa zaidi ni zile zilizovuma msikilizaji alipokuwa na miaka kama 24. Wewe umeshaizidi mara mbili kamili.

Masikio nayo yanazeeka. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo. Zikifa hazioti tena, na kwa kawaida sauti nyembamba za juu ndizo hutangulia kupotea. Humo ndimo zinamokaa herufi kama s na f. Huenda yule wa mafua anatamka vizuri tu.

Ila kuhusu gitaa la kufungulia, hujakosea. Spotify, kwa mfano, ile programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, haihesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zitimie sekunde 30, na msikilizaji anaruka kwa kidole kimoja. Msanii atapata wapi muda wa kukukaribisha? Nami napakumbuka sana pale mwanzoni, maana ndipo nilipokuwa nikishusha santuri moja, nikipandisha nyingine, na nikibahatika, nikinywa maji.

Sasa turudi kwenye daftari lako, kwa sababu ndilo lililokusema. Hata ujanani hukuwa unasikia maneno yote! Ila wakati ule uliirudisha nyuma kaseti mara kumi kwa ajili ya nukta moja. Tena ulikuwa na kaseti ngapi? Ulipenda usipende, wimbo uleule ulirudi na kurudi mpaka ukakuzoea. Wa mwanao umeupa nusu dakika, na hukumu ukawa nayo tayari.

Kwa hiyo usijifunze nyimbo zao zote, hutaziweza, na mitindo yao ya kucheza nakusihi uiache kabisa. Kwanza mwombe radhi mwanao, umwambie na habari ya babu yake. Kisha mwombe wimbo mmoja tu, auchague yeye. Usikilize wiki nzima ukiwa peke yako, unaosha vyombo au unakunja nguo, na usimpelekee maoni mpaka aulize. Wa mjukuu wangu niliuona kelele siku tatu. Siku ya nne nikagundua kwamba kabla ya kiitikio besi inanyamaza kidogo, halafu inarudi, nami nikajikuta nimesimama katikati ya chumba naisubiri. Mwimbaji mwenyewe bado simpendi.

Kaseti usitupe. Zikague kwanza: yenye ukungu usiiweke kwenye mashine, maana itachafua kichwa cha kusomea. Zilizo safi zipeleke mbele hadi mwisho, uzirudishe, ndipo uzicheze, kwa sababu utepe uliokaa muda mrefu hushikana. Chomeka waya kwenye tundu la vipokea sauti, upeleke kwenye kompyuta, urekodi. Hilo la waya mwachie mwanao. Na uanze na kaseti usiyoipenda sana, ili mashine ikiamua kutafuna utepe, itafune huo.