Isome Nyumba ya Shamba Kabla Hujaikarabati

Nyumba ya shamba niliyoachiwa na mjomba ina kuta za mawe zenye unene wa karibu sentimeta 60, na jambo la kwanza nililolifanya, kwa pupa ya mtu aliyekabidhiwa mali asiyoijua, lilikuwa kumwagiza fundi apige lipu ya saruji kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Ukuta ulipendeza kwa mwaka mmoja. Mvua za mwaka wa pili zilipokatika, lipu ilianza kuvimba karibu na sakafu na kutoa chumvi nyeupe kama unga. Nilipoigonga kwa mpini wa bisibisi ililia kama debe tupu, kisha kipande cha ukubwa wa sinia kikaporomoka. Udongo ulioshika mawe nyuma yake ulikuwa umelowa hata ukafinyangika mkononi mwangu. Fundi sikuweza kumlaumu, kwa kuwa alifanya nilichomtuma.

Kuta za namna hii mara nyingi ni kuta mbili za mawe zilizosimama sambamba, katikati zikajazwa vipande vya mawe, udongo na chokaa. Msingi wake hauna karatasi ya kuzuia maji, kwa hiyo unyevu hupanda kutoka ardhini na kuingia kutoka nje, na ukuta hubaki salama kwa sababu tu unyevu huo hupata njia ya kutokea. Chokaa hupitisha mvuke. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1824, na ambayo ya siku hizi ni ngumu kuliko ile yake, huuziba ukuta. Maji yakipenya kwenye ufa mwembamba hukosa pa kutokea. Tena ukiijaza saruji katikati ya mawe laini, jiwe ndilo huliwa kingo, nayo saruji hubaki imechomoza.

Kwa hiyo ninamshauri yeyote aliyepata nyumba ya aina hii akae nayo mwaka mzima, aone maji yanapita wapi na jua linafika wapi, kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa chochote. Mifereji ya paa tu ndiyo isingoje: izibue siku ya kwanza.

Katika mwaka huo, panda darini ukiwa na tochi. Mimi nilijifunza mengi zaidi huko kuliko katika hati zote za familia, ambazo kwa kweli zilihusu ng'ombe na madeni. Mapau ya upande mmoja yalikuwa meusi kwa masizi, meusi kiasi kwamba nilipoyakwaruza kwa msumari ilinibidi nizame ndani kidogo ndipo nione rangi ya mti. Upande wa pili hayakuwa na hata doa. Maana yake ni kwamba nusu ile ilijengwa kwanza, moto ukiwashwa sakafuni na moshi ukijitafutia njia kwenye paa, kisha dohani na nusu ya pili vikaja baadaye. Ndipo nilipoelewa kwa nini ukuta mmoja wa ndani ni mnene kama wa nje: ulikuwa wa nje.

Tazama pia alama za vifaa. Boriti iliyochongwa kwa shoka na tezo huwa na mabonde madogo yanayohisika kwa kiganja. Msumeno wa kuvutwa na watu wawili huacha mistari iliyonyooka, ilhali msumeno wa mviringo, uliosambaa katika karne ya 19, huacha mikunjo kama vipande vya duara. Msumari uliofuliwa kwa mkono hauna mwenzake anayefanana naye kabisa, na ule wa waya wenye shingo ya mviringo ulienea mwishoni mwa karne hiyo. Usiamini alama moja peke yake. Wakulima hawakutupa mbao: boriti yangu kubwa kuliko zote ina matundu ya viungo yasiyoshika kitu, ishara kwamba iliwahi kubeba jengo jingine. Hata upimaji wa pete za mti, ambao mwanafalaki A. E. Douglass aliuasisi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hueleza mti ulikatwa lini, tena kwa uhakika pale tu pete ya mwisho chini ya gome ikiwapo. Haukuambii ni lini uliwekwa hapo.

Nilipoubandua ukuta wangu, niliuacha ukauke miezi mingi kabla ya kupiga lipu ya chokaa kwa matabaka membamba. Chokaa ni mawe yaliyochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi na kuzimwa kwa maji, nayo hurudi kuwa jiwe polepole kwa kuvuta kabonidioksaidi hewani. Ikikauka haraka hupasuka na kupukutika, ndiyo maana nilitundika magunia mabichi mbele yake na kuyanyunyizia asubuhi na jioni. Chini ya lipu ya saruji palijitokeza mlango ulioziba zamani, wenye kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo na kwato. Sehemu hiyo sikuipiga lipu.