Claudia Angebaki Mtoto

Mhariri, mmeuliza kama televisheni ina haki ya kubadilisha riwaya ipendwayo, mkitaja *Interview with the Vampire* ya Anne Rice, hadithi ya wanyonya damu wasiozeeka. Kuhusu Louis, msimulizi wake, sina ugomvi: katika kitabu cha 1976 ni mzungu mwenye watumwa huko Louisiana mwaka 1791, na katika tamthilia ya 2022 ni mtu mweusi mwenye madanguro New Orleans mwaka 1910, jambo linalompa sababu nzito zaidi ya kutamani nguvu za Lestat, mnyonya damu anayemgeuza kuwa kama yeye. Kinachonikera ni Claudia, msichana wanayemgeuza mnyonya damu na ambaye mwili wake haukui tena: Rice alimpa miaka 5 na tamthilia ikampa 14.

Miaka ile Rais Moi alipounda tume ya ibada za shetani, nilinunua nakala isiyo na jalada kando ya Barabara ya Tom Mboya, nikaivisha gazeti kama kitabu cha shule. Shangazi, aliyelelewa kwa hofu ya mumiani, aliikuta chini ya godoro kwetu Buruburu, akaamua kuisoma kwanza ili apate ushahidi wa kumpelekea mchungaji. Jioni ya kwanza alisoma amesimama jikoni, kalamu nyekundu mkononi, akipigia mstari kila palipotajwa damu. Jioni zilizofuata aliketi. Alipofika kwa Madeleine, yule mtengeneza wanasesere wa Paris aliyefiwa na binti yake na ambaye kila mwanasesere wake ni mtoto yule yule, mistari ilikoma na ugali ukaungua. Mchungaji hakupelekewa kitu. Shangazi aliniuliza tu kama mwandishi huyo amewahi kuzika mtoto, nami sikuwa na jibu. Baadaye ndipo niliposoma kwamba Michele, binti wa Rice, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1972, kabla hajatimiza miaka 6.

Msichana wa miaka 14 anaweza kutoroka nyumbani. Wa miaka 5 atahitaji mtu mzima wa kumshika mkono milele, na ndiyo maana Claudia anamng'ang'ania Madeleine. Hata hivyo, ni mtoto gani wa umri huo angeigiza akili ya mtu mzima muuaji, msimu baada ya msimu? Filamu ya 1994 nayo ilimtumia Kirsten Dunst, aliyekuwa mkubwa zaidi, na sikulalamika. Delainey Hayles, aliyeshika nafasi hiyo katika msimu wa pili, aliniliza. Basi umri nimewaachia, japo shingo upande. Ila kumgeuza Madeleine kuwa mshonaji wa nguo, na wale wanasesere kuondolewa, hilo bado sijaliona faida yake.