Maswali na Majibu: Tajiri Anayelilia Usawa Aanze Jikoni Kwake

Juma lililopita niliandika kwamba Mathare, mtaa wa mabanda, na Muthaiga, mtaa wa matajiri, zimetenganishwa na barabara ya Thika tu, na kwamba mtoto wa Mathare anaweza kuzeeka bila kuingia upande wa pili ila kwa kazi ya vibarua. Barua zilizokuja karibu zote zinazunguka jambo moja: je, mwenye mali anayekemea pengo hili anapaswa kuishi anavyohubiri? Nimechagua saba.

Mwalimu, hawa matajiri wanaotuambia nchi haina usawa, kwa nini wasigawe mali yao kwanza ndipo waongee? – Msomaji, Donholm

Swali hili nimelijibu zaidi ya mara moja na linarudi neno kwa neno, kama kwamba hakuna aliyesoma. Leo nitalijibu kwa majina mawili.

Bildad Kaggia, mpigania uhuru, alifungwa na wakoloni pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Uhuru ulipokuja akashikilia kwamba wasio na ardhi wapewe ardhi. Mwaka wa 1965, kule Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya umati: wenzetu tuliofungwa nao wamejiendeleza, wana mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Kaggia hakuwa na cha kuonyesha. Baadaye aliishi kwa kuendesha kinu cha kusaga mahindi.

J.M. Kariuki, mbunge, yeye alikuwa navyo. Alikuwa na shamba Gilgil na farasi wa mashindano, na ndiye aliyesema hatutaki Kenya ya mamilionea 10 na ombaomba milioni 10. Yeye akaambiwa: wewe mwenyewe ni mmoja wa hao 10. Machi 1975 aliuawa, mwili wake ukapatikana Ngong.

Maskini akisema, ana wivu. Tajiri akisema, ni mnafiki. Basi nani aseme? Msomaji wangu wa Donholm, kabla ya kuuliza tena, angalia kama swali lako si njia ya kuwanyamazisha wote wawili, na suala la ardhi likabaki palepale lilipoachwa mwaka wa 1965.

Sisemi kwamba tajiri hadaiwi kitu. Anadaiwa sana, ila deni lenyewe haliko pale mnapolitafuta. Soma jibu la tatu.

Kwani ni dhambi kuwa na pesa? – Mfanyabiashara, Gikomba

Hapana, na sijawahi kuandika hivyo.

Mwajiri wangu huenda mikutanoni kutetea maskini. Mimi hunilipa 9,000 kwa mwezi, nalala kwake, na akikuta gilasi imevunjika anakata. Nimwambie nini? – Msaidizi wa nyumbani, Kilimani

Dada yangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii.

Niliwahi kualikwa kwenye mazungumzo kuhusu usawa katika nyumba moja ya kifahari hapa jijini. Tulizungumza vizuri, chai ikaja, mandazi yakaja. Nilipopeleka kikombe jikoni nikaona kalenda ukutani, na pembezoni mwake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: sahani 150, gilasi 200, gilasi 200, pasi 1,800. Nilimuuliza yule mama aliyekuwa akiosha vyombo ni hesabu ya nini. Akasema ni ya mwisho wa mwezi. Nilirudi sebuleni na sikuweza tena kusikiliza vizuri, kwa sababu kila aliyekuwa pale alikuwa akizungumzia umaskini kama kitu kilicho mbali, nao ulikuwa hatua 12 kutoka kwenye kiti chake.

Sasa sikiliza. Kwa agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024, kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Unastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila mwaka. Sheria ya ajira inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyofanywa makusudi. Gilasi iliyoteleza kwenye mikono yenye povu si makusudi.

Andika kila unacholipwa na kila kinachokatwa, kwa tarehe. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Zungumza naye kwanza, kwa adabu, na umtajie hiyo 16,113.75 kwa mdomo wako. Huenda hajawahi kuisikia ikitajwa ndani ya nyumba yake. Akikataa, nenda ofisi ya leba au KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani na wa hoteli. Usitie sahihi karatasi yoyote isemayo umelipwa haki zako zote kama hujalipwa. Wala usikawie, kwa maana madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu tu.

Na wewe mwajiri unayesoma hapa, najua mpo wengi: nyumba yako sitaki uiuze, na gari lako ni lako. Lakini mshahara wa anayekulelea mtoto hausubiri mapinduzi wala Bunge. Unaweza kuubadilisha leo jioni.

Kama bilionea anaona kodi yake ni ndogo, si apeleke zaidi kwa hiari? – Mhasibu, Upper Hill

Warren Buffett wa Marekani aliambiwa hivyohivyo mwaka wa 2011, aliposema kiwango chake cha kodi ni cha chini kuliko cha katibu wake. Lakini yeye hakuwa anaomba ruhusa ya kuchangia. Alikuwa anasema sheria inawabeba watu wa aina yake wote, na hundi ya mtu mmoja haiwezi kuwagusa wengine.

Sisi Wakenya tungepaswa kulielewa hili upesi, maana tumelelewa na harambee. Tajiri akitoa darasa, jina lake linaandikwa ukutani na sisi tunapiga makofi hadi uchaguzi. Darasa likijengwa kwa kodi hatumshukuru mtu, na paa likivuja tuna haki ya kugomba. Mimi nataka la pili.

Nyerere aliishi alivyohubiri, na Tanzania ikabaki maskini. Sasa faida ilikuwa gani? – Mwanafunzi, Kahawa

Umechanganya mambo mawili. Kama sera za uchumi zilifaulu ni mjadala mmoja. Kama kiongozi amewaomba watu wafunge mkanda naye amefungua wake ni mjadala mwingine. Mwaka wa 1966 wanafunzi walipoandamana, Nyerere aliwafukuza chuoni, jambo ambalo silisifu, lakini pia alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kuwa na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka wa 1991.

Hapa kwetu tulienda kinyume: tume ya serikali, ya Ndegwa, ya 1971 ilikubali watumishi wa umma wafanye biashara wakiwa kazini, na kwa mlango huo aliyeketi ofisini akiandaa zabuni aliweza kuwa ndiye anayeiuzia ofisi. Mtu binafsi mwenye mali namdai mishahara na kodi. Kiongozi namdai zaidi, kwa sababu chetu kiko mkononi mwake.

Mwanaharakati mmoja ana gari la mamilioni. Tumwamini? – Bodaboda, Kasarani

Uliza lilinunuliwa kwa pesa gani.

Natetea shule za umma, lakini wanangu wako shule ya binafsi. Naona aibu. Na wewe Mwalimu, unaishi unavyoandika? – Mama, Lavington

Aibu yako ina sababu, sitakufariji. Wazazi wenye sauti walipotoa watoto wao shule za umma, waliondoka na sauti zao, na choo kikibomoka siku hizi hakuna anayejua nambari ya mtu wa kumpigia. Simwambii mzazi amtoe mtoto kafara ili kuthibitisha hoja. Nakuomba uingie katika shule ya umma iliyo karibu nawe, uhudhurie mikutano yake, usome hesabu zake, ugombe kama kwamba wako ni mmoja wa wale 80 darasani.

Kuhusu mimi, swali ni halali. Mama fua wangu huja Jumatano na Jumamosi. Kwa miaka miwili nilimlipa 700 kwa siku kwa kuwa ndiyo bei ya mtaa wetu, na sikuwahi kumuuliza nauli ni ngapi. Ni 200, kwenda na kurudi. Tangu mwezi uliopita ni 1,200, nauli kando, na ameniambia Desemba atataka wiki mbili za kwenda Bungoma. Tumekubaliana nitazilipa.