Natembea na mfuko tumboni, nifungwe lini?

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Mimi niko Siyu huku Pate, miaka 44, nimezaa saba na kizazi kilikuwa kishashuka mpaka kinatokeza nikichuchumaa. Nikapasuliwa kurudishiwa, siku ya sita upepo na choo vikaanza kutokea mbele, kumbe utumbo ulitoboka. Nikarudishwa thieta wakautokeza utumbo nje ya tumbo, sasa navaa mfuko wa choo. Leo wiki ya 5, ngozi yaniwasha kama pilipili, mfuko unavuja mpaka kwenye buibui, na nyuma natoka makamasi ingawa choo hakipiti tena huko. Nataka utumbo urudishwe ndani nifungwe mwezi huu, daktari asema nisubiri. Na sala zangu je?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Tuanze na ngozi maana hiyo ndo inakunyima usingizi. Naona kama bado wakata tundu la mfuko kwa kipimo cha wodini. Ile nyama ya utumbo iliyotokeza tumboni hunywea, wiki 6 mpaka 8 za mwanzo yazidi kuwa ndogo, sasa tundu likibaki la zamani choo kinakaa juu ya ngozi kutwa kucha na kuila. Chukua boksi la majani chai ukate tundu, ulijaribishe mpaka pembeni ya nyama pabaki milimita 2 au 3 basi, hicho ndo kipimo chako na kila wiki upime tena. Osha kwa maji matupu ya vuguvugu, kausha kabisa, na mafuta ya nazi wacha, najua kwetu kila kidonda ni mafuta ya nazi lakini mfuko hautashika. Umwage ukifika theluthi, usingoje uwe mzito ukajivuta.

Makamasi yasikutishe, utumbo wa chini hata ukikosa kazi bado watoa ute wake. Choo chenyewe au usaha vikitokea mbele, hapo mwambie daktari.

Kufungwa sasa, hapa niko upande wa daktari wako. Wengi hungoja kama miezi 3, nyama iliyovimba haishiki uzi, na kabla ya kukufunga lazima wahakikishe tundu la ndani limeziba, wakikukagua au kwa eksirei ya dawa. Wakiharakisha na tundu lingalipo choo kitarudi njia ile ile, na kushona mara ya pili ni kugumu kuliko ya kwanza.

Sala usiache, wewe ni mwenye udhuru: wakati ukiingia mwaga mfuko, tawadha, sali, na sheikh wako atakueleza zaidi.

Ila kila asubuhi itazame ile nyama, yatakiwa iwe nyekundu na mbichi kama ndani ya mdomo. Ikiwa nyeusi, au tumbo limevimba na mfuko haupati upepo wala choo, au watapika, au homa imepanda, usilale ukingoja boti ya abiria ya kesho, wakukodie boti uvuke usiku huo huo.