Mbolea haitangazwi redioni

Mwanangu Neema,

Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu. Meseji yako niliisomea ndani ya daladala, nikacheka peke yangu mpaka jirani akanigeukia. Ati umepewa maelekezo ya mbolea uyafasiri, ukakuta neno la Kiingereza "broadcast", unalolijua kama kutangaza, ukaniuliza: mama, mbolea inatangazwaje redioni?

Aliyeandika hakukosea. Neno hilo lilikuwa la shambani kabla redio haijazaliwa. Broad ni pana. Cast ni kurusha, Waingereza walilipata kwa Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, waliosema kasta. Karne ya 18, mkulima wa Kiingereza aliyesia ngano kwa kuirusha kwa mkono, bila mistari, alisemwa amesia broadcast.

Kitendo chenyewe unakijua. Unamkumbuka bibi yako kule bondeni, kikapu cha mbegu ubavuni? Anachota konzi, mkono unazunguka, vidole vinaachia kidogo kidogo, hatua moja mrusho mmoja. Akifungua kiganja chote kwa pamoja, mbegu zinaanguka rundo. Wewe kazi yako ilikuwa kufukuza ndege, tena ulikuwa mvivu. Basi ndiyo broadcast ile, na sisi tunaita kumwaga mpunga.

Redio nayo mwanzoni ilikuwa ya kupelekeana ujumbe, meli na bandari. Mwingine akisikia, kategea sikio mambo ya wenzake. Miaka ya 1920 vipindi vikaanza kurushwa kwa yeyote mwenye chombo, na jina likachukuliwa kwa mkulima. Kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1922 ikaitwa British Broadcasting Company, ndiyo hiyo BBC. Mimi naona walichagua vizuri: bibi yako hakujua punje ipi itaangukia wapi, na mtangazaji hajui nani kafungulia redio. Nasi tukasema kurusha matangazo. Kurusha vilevile!

Kwa hiyo andika "tawanya mbolea kwa mkono shamba zima". Na wakati uliopita ni broadcast hiyohiyo, kama cast isivyobadilika. Kamusi nyingine zinakubali broadcasted. Mimi kwenye madaftari ya wanafunzi nilikuwa naizungushia wino mwekundu, na sijajuta.

Mvua huku bado. Baba yako keshaloweka mbegu, nimemkataza hakusikia.

Mama yako