Nanga haishiki, ninunue nzito zaidi?

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi na mwenzangu tuna mashua ya futi 18 hapa Bagamoyo. Nanga yetu ni ya makucha manne, kilo 10, kamba mita 8. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunarudi saa tatu usiku, tunatia nanga maji yakiwa kifuani. Alfajiri tunaikuta imesogea mpaka kwenye vyombo vya wenzetu. Juzi imevunja mrengu wa ngalawa ya mtu, tumelipa. Fundi anasema tununue nanga ya kilo 20, mwenzangu anasema jiwe kubwa linatosha. Tufuate lipi? M.S.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nanga usinunue kwanza. Hela hiyo nunua amari, yaani kamba ya nanga, iliyo ndefu.

Bamvua ya pwani yetu hupwa kwenye saa nne usiku na kujaa kwenye saa kumi alfajiri, na baina ya hapo maji hupanda zaidi ya mita 3. Mmetia nanga maji yakiwa kifuani; saa kumi, ukijumlisha na kimo cha omo, yaani mbele ya chombo, ni karibu mita 5 kutoka chini mpaka inapofungwa kamba. Nanyi mna mita 8! Kwani wewe ukitaka kung'oa nanga unafanyaje? Unavuta chombo mpaka kiwe juu yake, kisha unainyanyua wima. Basi bahari inawafanyia kazi hiyo hiyo mkiwa mmelala, kila wimbi likiinua omo.

Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo, kucha zikajichimbia. Kwa hiyo piga hesabu ya maji yakijaa, wala usihesabu yale unayoyaona unapotia, kisha zidisha mara tano. Kwenu ni mita 25. Kaskazi ikivuma, na hapo Bagamoyo inawajia usoni kutoka baharini, toa hata 35. Mwisho wa amari, upande wa nanga, funga mnyororo wa mita 3 au 4 uilaze chini. Chukua nailoni, inazama na inanyumbuka. Zile kamba za plastiki zinazoelea zitakatwa na pangaboi ya boti la kwanza litakalopita. Pale amari inapogusa ubao, izungushie kipande cha mpira wa maji, maana inasagika usiku kucha.

Utaniuliza, kamba ndefu hivyo si ndiyo itazidi kuwazungusha kwenye vyombo vya watu? Kweli. Ndiyo maana panapobanana hutiwa nanga mbili: kubwa omoni kuelekea kilindini, ndogo tezini, yaani nyuma, kuelekea pwani, ya tezi ikilegezwa kidogo. Na kama pana nafasi, sogeeni nje kabisa. Pale pwani ni bapa, maji yakitoka chombo kinakaa mchangani, na kikigongagonga kwenye mawimbi kabla ya kukaa, kalafati inayoziba baina ya mbao inafunguka.

Kabla ya kushuka, shika amari kwa kiganja. Ikikaza na kulegea taratibu, imeshika. Ukisikia inatetema, nanga inakwaruza chini. Ongeza kamba, na ikikataa, tia upya. Mkishafanya yote hayo bado mnasogea, hapo ndipo mzungumze na fundi, lakini muombeni nanga ya mabapa mapana, maana makucha manne ni ya miamba kuliko mchanga.

Jiwe linafaa kuvulia kwa muda wa saa mbili tatu kwenye mwamba, bahari shwari, na mtu yumo chomboni. Mwenzio aking'ang'ania, mwambie alale humo yeye.