Mkuu, usikate hiyo tiketi kwanza

Unasema unamsindikiza bi mkubwa kutoka Dodoma kwenda Dar, hujui mpande SGR, ile treni mpya ya umeme, au treni ya zamani ili aone milima ya Kilosa. Aisee, mwaka jana niliuliza hivyo hivyo. Jamaa mmoja akanijibu kwa mbwembwe: panda ya zamani, inapita bondeni kabisa, SGR ni mahandaki tu. Akatupia na picha, kijani kitupu, mto unang'aa. Nikaingia kichwa kichwa.

Nilikuwa na baba mkwe, mzee wa Kigogo aliyefanya kibarua cha reli pale Gulwe enzi za ujana wake. Nikamwahidi atauona tena mto Mkondoa. Nikalipia daraja la pili kulala, mke wangu akatufungia kuku wa kukaanga. Tunaondoka Dodoma, jua ndio linazama. Gulwe, giza. Godegode, giza. Kidete, giza na mbu. Mzee kajikunyata dirishani na koti lake, kila treni ikikata kona ananiuliza, "Mkwe, ndio hapa?" Namjibu ndio hapa, kama vile mimi nina macho ya bundi. Usiku ule ningemwambia ule ni Mlima Kilimanjaro angekubali. Kunapambazuka, tuko Ruvu, milima tumeshaiacha nyuma! Hela imekwenda, siku mbili za likizo zimekwenda, na ukweni mpaka leo naitwa "mtalii".

Nilipombana yule jamaa, akakiri picha alizipiga akiwa kwenye bodaboda. Treni yenyewe hajawahi kuipanda! Mtu wa hivyo unamfanyaje?

Tena hakudanganya yote, ndiyo inayoniuma. Reli ya zamani, ile Mjerumani aliyoifikisha Dodoma 1910, kweli inaambaa na Mkondoa kona kwa kona, katikati ya milima ya Ukaguru na Rubeho. Ndio maana mafuriko yameikata mara kadhaa, kwa hiyo masika usiiguse. Ila uzuri wote huo usiku ni kelele za magurudumu tu. Na hayo mahandaki ya SGR anayoyatangaza, refu kuliko yote linazidi kilomita moja kidogo. Unajiona sura kwenye kioo, unatoka, milima hii hapa.

Kwa hiyo achana na habari ya reli ipi. Usiangalie saa ya kuondoka pia. Uliza saa utakayokuwa kati ya Gulwe na Kilosa. Kama jua halijatoka au limeshazama, hiyo si safari ya kuona milima, hata wakuapie. Mimi sasa napanda SGR ya mchana, bi mkubwa mkalishe dirishani kulia, mkikaribia Morogoro ataiona milima ya Uluguru vizuri.

Hebu niambie, hiyo uliyopanga inapita Kidete saa ngapi?